Zahanati ya "wapima choo", Kirumba, Mwanza: nyota nne kati ya tano

Kibao cha mlangoni kina jina refu la kistaarabu, lakini watu wa Mwaloni, hapa mitumbwi na samaki wanaposhukia, hatulitumii. Ukishuka kwenye bodaboda pale Kirumba ukauliza "kwa wapima choo", hata muuza mihogo atakuonyesha njia kwa kisu alichoshika. Jina walipewa kwa kejeli walipoanza, maana mtu alikuwa anaenda na tumbo lake anarudi anacheka: eti nimeambiwa nilete choo. Sasa limeshakuwa jina tu, na nesi wa mapokezi mwenyewe analitaja akikuelekeza kwa simu.

Niseme kabisa nani anaandika. Nina mitumbwi ya dagaa, na pia nakusanya dagaa wa visiwani, Ukerewe na Kome, nawauza kwa magunia. Vijana wa mtumbwini wakiumwa, matibabu ni ya mwenye mtumbwi. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Ndiyo desturi ya mwalo, na anayeikwepa, msimu ujao hapati watu. Kwa hiyo risiti za matibabu ninazo, zimechanganyika na za petroli ya injini na betri za taa, na zote nazisoma kwa jicho lile lile. Naandika kama mlipaji.

Zamani nilikuwa nawapeleka vijana kituo kingine chenye vioo na feni, sikitaji. Risiti zake zilikuwa ndugu wa baba mmoja: malaria, taifodi, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Anayeumwa kichwa, malaria, taifodi, UTI. Anayeumwa mgongo kwa kuvuta wavu, malaria, taifodi, UTI. Nahodha wangu alikwenda na jino, akarudi na UTI, na jino bado liko pale pale. Kila mmoja na mfuko wa sipro (antibiotiki), mseto wa malaria, sindano za siku tano, na akiwabembeleza vizuri wanamtundikia dripu yenye maji ya njano. Vijana walikuwa wanapapenda sana. Kwao kutundikiwa dripu ndiyo kutibiwa, na hela haitoki mfukoni mwao. Mimi ndiye niliyekuwa nashangaa mtu anaugua magonjwa matatu kila mwezi na bado ana nguvu za kubeba injini begani.

Hapa kwa wapima choo kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba hawana haraka ya kukuandikia. Dokta (kwa vyeti ni tabibu, ngazi ya chini ya daktari, ila sote tunamwita dokta) anauliza maswali ambayo mwanzoni yanaudhi. Unalala wapi? Chandarua unacho, au umekifanya cha kuanikia dagaa? Kambini mnajisaidia wapi? Maji ya kuoga mnachota upande gani? Kijana wangu mmoja alimjibu, "Dokta, mimi naumwa tumbo, hayo ya kambini muulize mama." Dokta akacheka, akageuka akaniuliza mimi kweli. Nikajibu. Choo cha kambi kilikuwa kimeshabomoka na mvua, na watu walikuwa wanakwenda kwenye matete.

Malaria wanapima kwa kile kipimo cha haraka, tone la damu kidoleni, unasubiri mistari robo saa hivi. Hilo kila mtu anafanya. Kilichonifanya niwaamini ni kijana aliyekuwa amemaliza mseto wiki mbili nyuma akiwa Kome, kisha homa ikamrudia. Mstari wa pili ukatokea, yaani kipimo kinasema malaria ipo. Kwingine angepewa mseto tena na sindano juu yake. Dokta akamwita mtu wa maabara, akamwambia apake damu kwenye kioo aitazame kwa hadubini, kwa sababu kile kipimo kinanasa protini ya mdudu wa malaria, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mdudu mwenyewe kufa. Kwenye kioo hakukuwa na mdudu. Homa ilikuwa ya jipu lililokuwa linaiva kwenye paja, juu kabisa, mahali ambapo kijana aliona aibu kupaonyesha. Likapasuliwa, likasafishwa, akaandikiwa dawa ya jipu, basi. Risiti fupi ajabu.

Na mdudu akionekana kweli, mseto unatolewa na maelezo yake, siyo kurushiwa dirishani. Mtu mzima ni vidonge 24: vinne sasa hivi, vinne tena yakipita masaa manane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ule kwanza, na chakula kiwe na mafuta mafuta, maana bila hivyo dawa haiingii vizuri mwilini. Vijana wangu walikuwa wanameza na chai ya rangi halafu wanamgawia mwenzao vilivyobaki. Nesi aliwasema hadi nikaona aibu kwa niaba yao.

Taifodi ndiyo inayoleta ugomvi. Watu wanakuja wameshajitangazia, "Dokta, taifodi yangu imenirudia," na wanataka kile kipimo cha damu cha dakika chache. Yeye hakipendi. Anasema kinaangalia kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa ya ugonjwa uliopita zamani, au ya kitu kingine kabisa, hata malaria. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara kuona kama bakteria wapo, kazi ya siku kadhaa, na kwa hilo anakupeleka hospitali kubwa kama Bugando. Mzee mmoja tuliyekuwa naye foleni alikasirika, akaondoka akisema hawa hawana vipimo vya kisasa. Nilimwangalia tu. Na UTI ni hivyo hivyo: dokta alinieleza kwamba kwa mwanaume kijana ni ugonjwa wa nadra, wanawake ndio hupata zaidi, kwa sababu ya maumbile. Nikakumbuka mtumbwi wangu mzima, wanaume watupu, wote na UTI. Sipro nilizonunua mwaka ule zingejenga choo cha kambi.

Sasa niseme choo, maana ndicho kilichowapa jina.

Nahodha wangu, mtu wa Ukerewe, alikuwa anachoka. Siyo kuugua, kuchoka. Tumbo linamkata, anaharisha siku mbili anaacha, na kumbe alikuwa anaona damu kwenye haja na amenyamaza. Alishatibiwa taifodi mara nyingi hadi mwenyewe akawa anaiita "taifodi yangu". Dokta alimsikiliza, akambonyeza tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu kwa muda mrefu, kisha akamwandikia kipimo cha choo peke yake. Shilingi elfu tatu. Nahodha akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

Kwa kuwa nilikuwa nalipa, nikaomba kuona wanafanyaje. Mtu wa maabara, kijana mpole mwenye miwani, akaniruhusu nisimame mlangoni. Anachukua kidogo kwenye kikopo, anaweka juu ya karatasi, anabandika kichujio cha wavu laini na kukwangua kinachopenya. Hicho anakishindilia kwenye tundu la kiplastiki kilicholala juu ya kioo, ili kila mgonjwa apimwe kiasi kile kile. Akiondoa kiplastiki kinabaki kijidonge kidogo cha duara. Juu yake anafunika karatasi angavu ya kijani iliyolowekwa kwenye gliserini, anaikandamiza ikae bapa, halafu anaiacha ikae. "Mama, hii haitaki haraka, inabidi uchafu ung'ae ndipo mayai yaonekane." Akaendelea na damu za watu wengine.

Baadaye akaniita. "Njoo uone." Niliinama kwenye hadubini nikaona ukungu wa kijani kwanza, kisha akazungusha kitu, na likatokea yai. La mviringo mrefu, rangi ya kahawia, na ubavuni lina mwiba, kitu kama kucha iliyochomoza. Huo mwiba wa ubavuni, akasema, ndio utambulisho wa kichocho cha tumbo, ndicho chetu sisi wa ziwani. Kile cha mkojo, kinachofanya watoto wakojoe damu, yai lake lina mwiba mkiani, nacho kiko zaidi huko ndani, mbali na ziwa, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga, kwa sababu konokono wake ni wa aina nyingine. Alikuwa anahesabu mayai kwa kubonyeza kidude cha chuma mkononi, tik, tik, tik. Nahodha alikuwa kwenye benchi nje, haamini kwamba "taifodi yake" ina miiba.

Nimezaliwa Ukerewe. Kichocho tulikuwa tunakijua kwa jina la shuleni tu, ugonjwa wa watoto wanaochezea maji, unamezeshwa vidonge darasani ukimaliza unatapika. Hakuna aliyetuambia kwamba minyoo wake wanakaa ndani ya mishipa ya damu ya matumbo kwa miaka. Dokta alituchorea nyuma ya karatasi ya majibu. Mayai mengine yanatoka na haja. Mengine yanapotea njia, yanabebwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, na ini linatengeneza kovu. Kovu likizidi damu inakosa pa kupita. Bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya koo la chakula inatanuka hadi siku moja inapasuka na mtu anatapika damu. Hapo nikamkumbuka mjomba wangu, na jinsi msiba wake ulivyogawanyika: nusu wanasema karogwa kwa sababu ya nyavu, nusu wanasema pombe. Mjomba hakuwa mnywaji. Sidai najua kilichomuua, sikuwa na karatasi ya majibu yake, ila niliomba ile michoro nikaondoka nayo.

Dawa ni prazikwanteli. Wanakupima uzito kwanza, miligramu 40 kwa kila kilo, na kidonge kimoja ni miligramu 600, kwa hiyo nahodha wangu wa kilo 75 alimeza vitano kwa mpigo. Vichungu, vikubwa, na hawakupi kabla hujala. Walimrudisha kibandani akale chapati na maharage ndipo wakampa. Kisha wakamkalisha kwenye benchi waone anaendeleaje, maana mwenye minyoo mingi tumbo linaweza kumsokota na kichwa kuzunguka. Lilimsokota kweli. Nesi akamletea maji, akamwambia ndiyo dawa inafanya kazi, vumilia baba.

Halafu wakamwambia arudi baada ya mwezi na nusu wapime tena. Hapo na mimi nilishtuka nikadhani ni biashara imeanza. Ila sababu ipo: dawa inaua minyoo waliokomaa, wale wachanga walioingia juzi inawaacha. Na haikingi. Ukitoka pale ukaingia majini kesho, unaweza kupata wengine. Minyoo wachanga wanatoka kwenye konokono wa maji, wanaogelea, wanapenya ngozi yako nzima bila kidonda, dakika chache zinatosha.

Ndiyo maana napenda jinsi dokta huyu anavyotoa ushauri. Nimeshasikia watu wa semina wakija mwaloni na fulana mpya kutuambia tusikanyage maji ya ziwa. Mtumbwi unasukumwa na nani? Yeye hasemi hivyo. Anasema yai lisipofika majini, konokono hana cha kubeba, kwa hiyo choo cha kambi kwanza, hata kama ni cha turubai na shimo, mradi kiko mbali na maji na mvua haikibebi. Maji ya kuoga yachotwe, yafunikwe kwenye pipa yalale siku mbili, maana wale wadudu wa konokono hawaishi zaidi ya hapo. Kama huwezi kusubiri, chemsha. Watoto wasioge kwenye matete na magugu, ndiko konokono wanakopenda. Na watu wazima wa mwaloni wameze dawa kila mwaka, wasiwaachie watoto wa shule peke yao. Hilo la mwisho si lake, ni la Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2022 lilisema kwamba penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi dawa igawiwe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 2. Shuleni inafika. Mtumbwini bado sijaiona, kwa hiyo nawapeleka mwenyewe.

Na nawapeleka kipindi cha mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa gizani; mwezi ukijaa, taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, vijana wako nchi kavu na wana hela. Zahanati inalijua hilo. Siku hizo wanaongeza mtu wa pili maabara. Ni kituo pekee nilichokiona kinachopanga zamu kwa kuangalia mwezi, na bado foleni inafika barabarani. Ukitaka kukaa kwa raha nenda siku za giza, mitumbwi ikisharudi ziwani.

Presha wanapima kila anayeingia, hata msindikizaji, bure. Mimi nilikamatwa hivyo: 158 kwa 96 na sikuwa naumwa popote. Hawakunipa dawa siku hiyo. Waliniita tena na tena siku nyingine, ilipokataa kushuka chini ya 140 kwa 90 ndipo nikaanzishiwa kidonge kimoja kwa siku na kuambiwa nipunguze chumvi. Naendelea nacho. Chumvi tunaelewana polepole.

Kwa nini basi nyota moja nimeibania? Kwanza, mahali panapotaka choo kwa kila mtu pana choo kimoja, na mlango wake unafungwa kwa kamba. Unashika kamba kwa mkono mmoja, kikopo kwa mwingine, na nje kuna mtu anauliza bado? Nilimwambia dokta uso kwa uso. Akasema fundi ameshalipwa. Nafahamu mafundi, sikusema zaidi.

Pili, faragha. Nesi wa mapokezi ni mkarimu kupita kiasi, anakusalimia kwa Kisukuma "mwangaluka mayu" hata kama wewe ni Mhaya, ila ana sauti ya mnadani. Majibu yakitoka anayatangaza: "Mama wa dagaa, choo yako tayari!" Siku nyingine alisimama katikati ya watu ameshika kikopo kisicho na jina akiuliza, "Hii choo ya nani?" Benchi zima likatazama chini. Kwa choo tunacheka, lakini pale pale wanapima pia VVU, na ingawa majibu hayo hutolewa chumbani, mtu akishasikia sauti hiyo atasita kuingia. Wampe kengele, au wampeleke stoo.

Tatu, bima hawapokei, ni taslimu au lipa namba. Kumuona dokta ni elfu tano, vipimo vya kawaida elfu tatu tatu. Nne, kuna siku prazikwanteli iliisha na hawakusema hadi majibu yalipotoka. Tukazunguka maduka ya dawa ya mjini mpaka jioni tukaipata karibu na Makoroboi kwa bei ya kukomoa. Wabandike tu karatasi dirishani, dawa fulani hakuna, mtu ajue kabla hajapanda daladala kutoka Igombe.

Vijana wangu bado wananung'unika. Hakuna dripu, hakuna sindano, mara nyingine mtu anarudi na ushauri na panadoli. Nahodha alipopimwa tena mayai hayakuonekana, lakini mpaka leo anawaambia wenzake alitibiwa "taifodi yenye miiba". Yule aliyepasuliwa jipu ndiye anayewapeleka wageni sasa, anajifanya mwenyeji.

Maabara inafungwa saa kumi jioni na Jumapili haipo. Choo kifike asubuhi kikiwa cha siku hiyo hiyo. Kikopo wanatoa wao, kiko ndani ya bei, kina kijiko chake kwenye kifuniko. Msiende na makopo ya siagi kama yule mjomba wa Kayenze, walimrudisha nalo.